Umehamia Dar es Salaam: uujue mji kwa miguu, kwa daladala, kwa bajaji, au umfuate mwenyeji?

Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam mwaka mzima akajua barabara moja tu. Anapanda gari Kimara au Mbagala, anashuka kazini, jioni anarudi njia ile ile. Ukimwuliza Boma la Kale liko wapi, naye anakuuliza ni boma la nani. Wala si uvivu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa wilaya tano, foleni yake inameza saa nzima bila kujali una haraka gani, na aliyeletwa huku na uhamisho wa kazi, masomo au ndoa ana mambo mengi ya kupanga kabla ya kuwaza matembezi. Lakini Jumamosi ya kwanza yenye nafasi hufika, na swali linakuja: nianzie wapi, na nitoke vipi?

Orodha za vivutio ziko tele, kwa hiyo hapa nalinganisha njia nne za kutoka: kutembea kwa miguu, kupanda mwendokasi na daladala, kukodi bajaji au bodaboda, na kumfuata mwenyeji. Nimefanya hivyo kwa sababu, kwa maoni yangu, Dar utakayoiona inategemea zaidi umetoka vipi kuliko umekwenda wapi.

Kwanza shika umbo la mji. Mji wa zamani ni mdogo na umekumbatia bandari. Sehemu nyingine zote zimening'inia kwenye barabara kuu nne: ya Ali Hassan Mwinyi, inayoendelea kaskazini kama Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, inayokwenda magharibi, ya Nyerere, inayoelekea uwanja wa ndege, na ya Kilwa, inayoshuka kusini. Kigamboni iko ng'ambo ya maji. Ukilielewa hilo, kupotea kabisa ni vigumu.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: inagharimu nini, mfukoni na kwa saa, utaona nini hasa, kero zake ni zipi, na ukirudi nyumbani umebaki na nini. Hilo la mwisho vitabu vya watalii havina haja nalo, maana mtalii anaondoka. Wewe Jumatatu utakuwa hapa hapa, na utahitaji kujua kitenge kinauzwa wapi na gari la Tegeta linapaki wapi.

Kwa miguu

*Mfuko na muda.* Gharama ni maji ya kunywa, kahawa na kiingilio cha makumbusho. Kutoka Feri hadi Kariakoo ni kama kilomita tatu, lakini zitengee asubuhi nzima, kwa sababu utasimama kila baada ya hatua kadhaa.

*Utakachoona.* Hapa ndipo miguu inapozishinda njia nyingine. Anza alfajiri soko la samaki la Feri, wakati wa mnada. Samaki wanamwagwa juu ya meza, dalali anapandisha bei kwa sauti ya kasi ambayo mgeni haishiki mara moja, na wanunuzi wanaitikia kwa ishara ndogo ya kichwa au kidole. Kabla hujajua nani kanunua, fungu limeshaingia kwenye ndoo na lingine limemwagwa. Upande wa pili makarai ya mafuta yako motoni, na pweza na dagaa wanakaangwa kwa ajili ya wachuuzi watakaowapeleka mitaani. Vaa viatu usivyovionea huruma.

Ukitoka hapo, fuata ukingo wa bandari. Utapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mapaa ya vigae vyekundu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi ya Wajerumani. Mbele kidogo kuna Boma la Kale, kutoka miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe, na ndani kuna kituo kinachoshughulikia urithi wa majengo ya jiji. Ukikuta kuna maonyesho, ingia, kwa sababu hapo utaelewa kwa nini maghorofa ya vioo yamesimama bega kwa bega na nyumba zenye roshani za mbao.

Kisha panda Mtaa wa Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari. Wengi huipita bila kuigeuzia jicho. Simama uitazame: ni askari wa shaba aliyeinama mbele, singe yake ikielekea bandarini, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi ya chini yamo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Kutoka hapo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, si mbali. Huko kuna habari ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari ya viongozi wa zamani, na bustani ya mimea iko jirani kwa anayetaka kivuli.

Usiishie hapo. Endelea kuelekea Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu na maduka ya vitu vitamu, vuka viwanja vya Mnazi Mmoja, ukate Mtaa wa Lumumba, uingie Kariakoo. Katika mwendo huo umepita sehemu tatu za mji wa kikoloni: uzunguni ufukweni, uhindini katikati, uswahilini Kariakoo, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi makusudi ili kutenganisha. Hakuna ukuta wala bango, ila ukiwa kwa miguu utaona upana wa mitaa unavyobadilika, na nyumba zinavyozidi kusogeleana. Mtaa wa Lumumba ndipo TANU ilipoanzishwa, tarehe 7 Julai 1954, hatua chache tu kutoka kwenye mpaka huo.

*Kero.* Jua. Kuanzia Desemba hadi Machi, saa nne asubuhi tayari shati limekushika mgongoni. Simu usiishike mkononi pembeni ya barabara, maana kuna wanaoikwapua wakiwa kwenye pikipiki. Kamera iweke mfukoni karibu na Ikulu, bandarini na kwenye maeneo ya jeshi. Na Jumapili maduka mengi ya katikati ya mji hufungwa: majengo utayaona kwa raha, watu hutawaona.

*Kinachobaki.* Unaijua Posta, yaani katikati ya mji, na Kariakoo kwa nyayo, basi. Kuhusu Mbezi, Tegeta au Chanika, miguu haitakuambia chochote. Njia hii inamfaa anayependa historia, mwenye mwili wa kuhimili, na aliyepanga karibu na mjini. Kwa mwenye watoto wadogo au magoti yanayolalamika, sehemu ya Kivukoni hadi makumbusho inatosha.

Mwendokasi na daladala

*Mfuko na muda.* Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na safari nyingi za ndani ya mji ni shilingi mia kadhaa. Fedha kidogo, muda mwingi: kama umebeba ratiba kali, utaumia.

*Utakachoona.* Mji unavyokua. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Panda Kivukoni asubuhi, wakati umati unakuja mjini na wewe unatoka, siti utapata. Dirishani itapita Fire, kisha bonde la Jangwani, kisha Magomeni, ambako nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya uhuru sasa ni makumbusho. Itafuata Manzese, halafu Urafiki penye kiwanda cha nguo kilichojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China, halafu Ubungo. Kila kituo ni tabaka jingine la mji, na unaliona ukiwa umekaa.

Daladala nayo ina elimu yake. Panda ya Barabara ya Bagamoyo ushuke kituo cha Makumbusho: karibu na hapo kuna Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na mara nyingi wikiendi kuna ngoma. Msukuma, Mhehe au Mhaya aliyehamia juzi anaweza kuingia ndani ya nyumba iliyojengwa kama ya babu yake akiwa katikati ya Kijitonyama. Ukiendelea mbele kidogo kuna Mwenge, maarufu kwa wachonga vinyago.

Kuna pia pantoni ya Kigamboni, ambayo naihesabu humu kwa sababu ni usafiri wa umma kama mwingine. Nauli ya mwenda kwa miguu ni ndogo, safari ni dakika chache, na sijaona mahali pengine pa kuutazamia mji kwa bei hiyo: minara ya makanisa, maghorofa na meli za mizigo, vyote kwa pamoja. Ng'ambo zipo daladala za kukupeleka kwenye fukwe.

*Kero.* Kubanana. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi usiku, utashika bomba safari nzima na begi lako litakuwa kifuani, ndipo linapopaswa kuwa. Ukiwa mgeni, wapiga debe watakuvuta mkono kukuingiza kwenye gari usilolitaka. Soma maandishi ya mbele ya gari na rangi ya mstari wake, kisha mwulize konda mwenyewe. Mwambie mapema, "Konda, nishushe Makumbusho," na ukae karibu na mlango. Mvua za masika zikipiga sawasawa, Mto Msimbazi hufurika Jangwani na mwendokasi hukatishwa. Siku hiyo usipange kitu ng'ambo ya bonde.

*Kinachobaki.* Kingi kuliko njia zote. Baada ya wikiendi chache za kuzungukazunguka hivi, mtu akikuambia nyumba ya kupanga ipo Goba au Kinyerezi, unajua mara moja utachoka kiasi gani kufika kazini, na hiyo ni elimu ya kodi ya mwaka mzima. Inamfaa mwanafunzi, mwenye mshahara wa kwanza, na yeyote ambaye bado hajaamua akae wapi.

Bajaji, bodaboda na gari la kuitwa kwa simu

*Mfuko na muda.* Maelfu badala ya mamia, ila saa zako unazirudisha. Ukiita kwa programu ya simu bei unaiona kabla. Ukisimamisha kijiweni ni mapatano, na lafudhi ya mgeni hupandisha bei. Jibu la kawaida ni tabasamu na "Kaka, mimi nakaa hapa hapa, nifanyie bei ya mwenyeji." Mkiwa watatu, bajaji mara nyingi haina tofauti kubwa na daladala mbili za kuunganisha.

*Utakachoona.* Sehemu zilizotawanyika ambazo daladala haiziunganishi vizuri, hasa upande wa pwani ya kaskazini. Kwa mchana mmoja unaweza kuanza kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, ukaenda Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kisha ukarudi mjini kwa Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na linalopita juu ya bahari. Siku nyingine unaweza kwenda Kunduchi kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mahali ambapo ningependa wenyeji wenyewe wapafahamu zaidi. Boti za kisiwa cha Mbudya zinaondokea upande huo huo. Za Bongoyo zinaanzia Slipway, Msasani. Visiwa vyote viwili vimo kwenye hifadhi ya bahari, hivyo kuna kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho.

*Kero.* Bodaboda ni ya haraka na ni ya hatari, hakuna namna nyingine ya kulisema. Kofia ngumu vaa, dereva anayepita kati ya malori mwambie apunguze, na usiku mrefu chagua chombo chenye magurudumu zaidi ya mawili. Bajaji na bodaboda zina mitaa zisizoruhusiwa kuingia katikati ya mji, kwa hiyo unaweza kushushwa kabla ya unakokwenda.

*Kinachobaki.* Si kingi. Unafika Coco Beach, unaondoka Coco Beach, na katikati hujui ulipita wapi. Faida moja iko kwa dereva: ukimpata wa mtaani kwako, mwenye lugha nzuri, chukua namba yake. Huyo atakufaa usiku mtoto akiugua, muda mrefu baada ya hamu ya matembezi kwisha. Njia hii ni ya familia yenye watoto, ya mwenye siku moja tu ya mapumziko, na ya anayepokea wazazi kutoka mkoani.

Kumfuata mwenyeji

Mwenyeji yupo wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako. Wa pili ni mwongozaji wa kulipwa.

*Mfuko na muda.* Wa kulipwa ana bei yake, na mkiwa kundi inapungua kwa kila mmoja. Wa bure si wa bure. Utamnunulia chakula, utamlipia nauli, na muda ni wake: akisema saa tatu, toka nyumbani saa nne.

*Utakachoona.* Mwongozaji mzuri atakusimulia mbele ya jengo jambo ambalo hungelijua hata ungesimama hapo siku nzima. Ndugu yako pengine hajui Sanamu ya Askari ilisimamishwa lini, lakini anajua supu ya pweza ya jioni iko kona gani, fundi gani wa Kariakoo hachelewi, na kwa nini Jumamosi ya mechi usikatize Msimbazi, yalipo makao ya Simba, ukiwa umevaa jezi ya kijani na njano. Atakupeleka kwenye kijiwe cha kahawa na kashata ambako, ukiisha kutoa shikamoo kwa wazee, utasikia habari za mji ambazo hakuna aliyeziandika.

*Kero.* Utaona Dar yake. Kama yeye Dar yake ni Mlimani City na baa mbili za Sinza, ndiyo utakayopewa, na adabu haikuruhusu kulalamika. Kwa mwongozaji kero ni kinyume: ziara nyingi zimepangwa kwa ajili ya wageni wa nje, zinakimbizwa, na zinamalizikia dukani. Mwambie kabla kwamba wewe ni mkazi na unataka mitaa, si zawadi za kununua.

*Kinachobaki.* Watu. Kwa aliyehamia peke yake hilo linaweza kuzidi majengo yote. Inamfaa mwenye haya ya kuuliza njia, mwanamke ambaye bado hajazoea mitaa ya Kariakoo, na yeyote anayetaka kuanza na sura anazozifahamu.

Kwa hali yako

Kama umefika wiki hii na bado unaishi kwa ndugu, usiwe na papara. Mfuate mwenyeji mara moja, umlipie chakula cha mchana, kisha wikiendi inayofuata toka mwenyewe kwa mwendokasi. Kama unatafuta nyumba, weka miguu na bajaji kando kwa sasa. Panda daladala za barabara zote nne mchana, halafu rudia moja unayoipenda saa kumi na moja jioni, ndipo uzungumze na dalali.

Kama una watoto, kodi bajaji hadi Kijiji cha Makumbusho, kaeni hadi ngoma iishe, kisha mwende ufukweni jua likipoa. Pantoni nayo watoto huipenda, ila si Jumapili jioni, wakati watu wanaporudi kutoka fukwe za Kigamboni na geti linasongamana.

Mwenye pesa ndogo na nguvu nyingi atembee Feri hadi Kariakoo kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe. Mwenye wazazi wazee waliokuja kuona anakoishi achukue gari kupitia Daraja la Tanzanite, awashushe kwenye bustani jirani na Makumbusho ya Taifa, na wakiwa na nguvu bado awapeleke Azania Front, ambapo kuna kivuli na bahari iko mbele.

Na kama umefika katikati ya masika, Machi hadi Mei, fukwe na matembezi marefu yasubiri. Makumbusho, Boma la Kale na maduka ya vitenge ya Mtaa wa Uhuru vina mapaa. Asubuhi, kabla hujafunga mlango, muulize jirani kama Jangwani panapitika.